Kasi Iliyopotea: Diski, Mifumo Endeshi Mipya na Historia ya Kutafuta Kasoro

Miongoni mwa malalamiko ya kale katika historia ya kompyuta ni lile la mtumiaji aliyepandisha toleo la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, kisha akakuta kwamba diski iliyokuwa ikifungua faili kwa wepesi siku iliyotangulia sasa inajikokota. Lalamiko hili lina sura ya fumbo kwa sababu hakuna kifaa kilichobadilishwa: diski ni ile ile, waya ni ule ule, na data ni ile ile. Jibu la haraka la mafundi wengi limekuwa kuihukumu diski kuwa imechoka, na diski nyingi nzima zimetupwa kwa hukumu hiyo. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi kilichobadilika ni mapatano yaliyokuwapo kati ya diski na mfumo, ambayo kwa sehemu kubwa hayakuandikwa mahali ambapo mtumiaji angeweza kuyasoma: data ikatwe vipande vya ukubwa gani, vipangwe vipi, visafirishwe kwa njia gani, na ni wakati gani diski inaruhusiwa kusema kwamba imekwisha kuandika.

Chanzo cha suala lote ni umbo la diski yenyewe. Diski ya kwanza kuuzwa kibiashara, IBM 350, iliyokuwa sehemu ya kompyuta ya RAMAC 305, ilibuniwa katika maabara ya IBM ya San Jose, California, chini ya uongozi wa Reynold Johnson, na kutangazwa mwezi Septemba 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, zilizozunguka mara 1,200 kwa dakika na kuhifadhi herufi milioni 5. Kuifikia rekodi moja kulichukua kwa wastani takriban sehemu sita za kumi za sekunde, kwa kuwa mkono uliobeba kichwa cha kusomea ulilazimika kupanda au kushuka hadi kwenye sahani iliyotakiwa, ukaingia ndani hadi kwenye njia husika, kisha ukangoja data izunguke na kufika chini yake. Safari ya mkono na mzunguko wa sahani zimebaki kuwa gharama kuu za kila diski ya sumaku hadi leo, na mfumo endeshi wowote usiozijali hulipa gharama hizo kila unapoomba data.

Katika kompyuta ndogo za miaka ya 1980, gharama hizo zilikuwa na hesabu ambayo kila fundi angeweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Diski ya IBM PC XT, kompyuta iliyoingia sokoni mwaka 1983, ilizunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde, na kila njia yake ya duara iligawanywa katika sekta 17, sekta ikiwa ni kipande kidogo kabisa ambacho diski inaweza kusoma au kuandika, chenye baiti 512. Kontrola, yaani kadi iliyosimama kati ya diski na kompyuta, haikuwa na kasi ya kuipokea sekta moja na papo hapo kuwa tayari kwa inayofuata. Kwa hiyo sekta zilipewa namba kwa kurukaruka, ile ya pili kwa hesabu ikiwekwa nafasi sita mbele ya ile ya kwanza, ili ifike chini ya kichwa wakati kontrola imekwisha kujiandaa. Kwa mpangilio huo njia nzima ilisomwa kwa mizunguko 6, sawa na takriban kilobaiti 87 kwa sekunde. Lakini sekta zikibananishwa kupita uwezo wa kontrola, kila moja ilipita kidogo tu kabla ya kontrola kuwa tayari, ikabidi isubiriwe mzunguko mzima, na mwendo ukaanguka hadi kilobaiti 30. Programu ya SpinRite ya Steve Gibson, iliyotokea mwishoni mwa muongo huo, ilijipatia umaarufu kwa kupima mpangilio unaofaa na kupanga sekta upya bila kufuta data.

Wakati mafundi wa kompyuta ndogo wakihesabu sekta, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wameligusa tatizo hilo kwa kina zaidi, na kazi yao inastahili kusomwa na kila anayeshughulika na diski hata sasa. Mfumo wa faili wa Unix ya awali, yaani utaratibu unaoamua kila faili ikae wapi juu ya diski na ipatikane vipi, ulitumia vipande vya baiti 512 na ulikuwa ukipata takriban asilimia 2 tu ya mwendo ambao diski ingeweza kuutoa. Vipande vilipoongezwa hadi baiti 1,024 mwendo uliongezeka zaidi ya maradufu, ila nafuu hiyo haikudumu: mfumo uliokuwa mpya kabisa ulisoma hadi kilobaiti 175 kwa sekunde, na baada ya wiki chache za matumizi ya kawaida ukashuka hadi kilobaiti 30. Diski haikuwa imeharibika. Kadiri faili zilivyofutwa na kuandikwa, orodha ya nafasi zilizo wazi ilivurugika, vipande vya faili moja vikatawanyika pande zote, na mkono ukawa unasafiri kwa kila kipande.

Marshall Kirk McKusick, William Joy, Samuel Leffler na Robert Fabry, katika makala yao ya mwaka 1984, walieleza mfumo mpya wa faili uliotumia vipande vya baiti 4,096 au zaidi, ukaigawa diski katika vikundi vya silinda, silinda ikiwa ni jumla ya njia zinazosomeka bila mkono kusogea, na ukajitahidi kuiweka faili pamoja na maelezo yake ndani ya kikundi kimoja. Mfumo huo ulifikia hadi asilimia 47 ya uwezo wa diski. Uliacha pia asilimia 10 ya nafasi wazi kwa makusudi, kwa kuwa waundaji wake walipima na kuona kwamba diski inapokaribia kujaa mfumo hukosa mahali pazuri pa kuweka vipande na mwendo huporomoka. Yeyote aliyewahi kupandisha toleo la mfumo juu ya diski iliyobakiwa na nafasi finyu, kisha akashangaa kwa nini mashine imekuwa nzito, angepata sehemu kubwa ya jibu lake katika kurasa hizo za mwaka 1984.

Mfumo huo wa faili uliwafikia watumiaji ndani ya 4.2BSD, toleo la Unix la Berkeley lililotolewa mwezi Agosti 1983, na kwa kuwa mpangilio wake haukulingana na ule wa zamani, kuupata kulimaanisha kumwaga data yote kwenye kanda za sumaku, kuitengeneza diski upya, na kuirudisha data. Walioupandisha walitarajia wepesi, na kwa faili kubwa waliupata. Lakini mfumo kwa jumla ulilalamikiwa kuwa mzito, maana huduma nyingi mpya zilikuwa zimeingizwa kabla ya kunolewa. Hapo ndipo waundaji wenyewe walipofanya jambo lililostahili kuigwa: badala ya kubishana na wateja au kubahatisha, walipima. Walikuwa tayari na gprof, chombo kilichoelezwa mwaka 1982 na Susan Graham, Peter Kessler na McKusick, ambacho huonyesha programu inatumia muda wake katika sehemu gani na kila sehemu iliitwa na nani. Kipimo kiliwapeleka mahali ambapo wachache wangepatazamia, yaani kwenye kazi ya kulitafsiri jina la faili, ambapo mfumo hupitia saraka moja baada ya nyingine hadi kuifikia faili iliyotajwa. Kazi hiyo ndogo, iliyorudiwa kila mara programu ilipofungua faili, ilikuwa ikila muda mwingi kuliko usomaji wenyewe. Dawa ilikuwa kuyakumbuka majina yaliyotafutwa karibuni, na kwa hifadhi hiyo zaidi ya theluthi mbili ya utafutaji ulijibiwa bila kupekua saraka. Marekebisho hayo yaliingia katika 4.3BSD ya mwaka 1986.

Kisa cha Berkeley kilikuwa na bahati ya kusimuliwa na waliokijua kwa ndani. Watumiaji wa kompyuta binafsi hawakuwa na bahati hiyo, na miaka ya 1990 iliwaletea upandishaji wa toleo kwa wingi usio na mfano. Windows 95 ilipotolewa tarehe 24 Agosti 1995, mamilioni ya watu waliiweka juu ya mashine zilizokuwa na MS-DOS na Windows 3.1, pamoja na mabaki yote ya matengenezo ya miaka iliyopita. Chini ya MS-DOS, programu ziliifikia diski kupitia maagizo ya kudumu yaliyohifadhiwa katika kifaa cha BIOS kwenye ubao mkuu, maagizo yaliyoandikwa kwa hali ya zamani ya kichakataji. Windows 95 ilikuja na draiva zake, draiva ikiwa ni programu ndogo inayojua lugha ya kifaa fulani, na draiva hizo zilizungumza na diski moja kwa moja katika hali mpya ya kichakataji, kwa kasi kubwa zaidi.

Ugumu ulitokea pale mfumo mpya ulipokuta mtu mwingine amekwisha kukaa njiani. Ikiwa faili ya CONFIG.SYS ilipakia draiva ya zamani ya diski, Windows 95 iliitafuta draiva hiyo katika orodha iitwayo IOS.INI, iliyotaja zile ambazo ingeweza kuzibadilisha bila hatari. Jina likiwamo, draiva ya zamani iliwekwa kando. Jina lisipokuwamo, mfumo uliamua kutoingilia, kwa hoja ya busara kabisa kwamba draiva isiyojulikana huenda inaibana data, inaificha kwa siri, au inaitafsiri kwa namna ambayo kuiruka kungeiharibu. Uamuzi huo uliisalimisha data na kuua kasi, kwa sababu kila ombi la kusoma au kuandika lilibidi kukirudisha kichakataji katika hali ya kale, kupita katika draiva ile, na kurejea tena. Microsoft iliita hali hii upatanifu wa MS-DOS, na mtumiaji angeweza kuiona akifungua ukurasa wa utendaji katika sifa za mfumo, ambako sentensi moja ilimweleza kwamba baadhi ya diski zinatumia hali hiyo. Sababu iliandikwa katika faili ya IOS.LOG, ndani ya folda ya Windows, na wengi hawakuwahi kuifungua.

Waliotafuta walikuta visababishi vya aina kadhaa. Wengine walikuwa na programu za kuiwezesha BIOS ya zamani kutambua diski kubwa kuliko megabaiti 528, kikomo kilichotokana na hesabu ya silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63 za baiti 512. Wengine waligundua kwamba mashine zao zina kirusi kilichojificha katika sekta ya kuanzishia, kikiwa kimeinasa njia ile ile ya BIOS, na kwamba uzito wa diski ndio ulikuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa huo. Kulikuwa pia na kisa chenye kusikitisha zaidi: mfumo ukijaribu draiva mpya na jaribio likashindikana hata mara moja, uliandika neno NOIDE katika rejista, yaani hifadhi ya mipangilio yake, na tangu hapo haukujaribu tena, hata kama kilichosababisha kushindwa kimekwisha kuondolewa. Kompyuta iliyopata hitilafu ya dakika moja ilibaki nzito kwa miezi mingi, hadi alipotokea mtu aliyejua kulitafuta neno hilo na kulifuta.

Kasoro ya aina hiyo hiyo ilijirudia katika kizazi kilichofuata. Diski za aina ya IDE, zilizotumiwa katika kompyuta hizo, zilikuwa na njia mbili za kupeleka data kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Katika njia ya PIO, kichakataji chenyewe hubeba kila kipande cha data kwa mkono wake, na hata hatua yake ya nne haikuvuka megabaiti 16.6 kwa sekunde. Katika njia ya DMA, kontrola hupeleka data moja kwa moja kwenye kumbukumbu huku kichakataji kikiendelea na shughuli nyingine, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imefikia megabaiti 100. Watumiaji wa Linux walizoea kuikagua hali hii kwa hdparm, chombo cha Mark Lord, kwa kuwa wasambazaji kadhaa waliiacha DMA ikiwa imezimwa kwa kuogopa kontrola zenye kasoro zilizoweza kuharibu data. Windows XP, iliyotolewa tarehe 25 Oktoba 2001, iliiwasha DMA lakini ikaweka kanuni ya tahadhari: makosa ya usafirishaji au ya kuchelewa kujibu yakifika sita kwa jumla, mfumo ungeshuka hatua moja, na makosa yakiendelea ungeshuka zaidi hadi PIO. Neno lenye uzito hapo ni jumla. Makosa sita ndani ya sekunde sita, na makosa sita yaliyotawanyika katika mwaka mzima, yalipata hukumu moja, na hukumu haikuwa na rufaa mpaka mtumiaji aiondoe kontrola katika orodha ya vifaa na kuwasha kompyuta upya ili mfumo uitambue kama ngeni. Microsoft baadaye ilitoa marekebisho yaliyowezesha hesabu ya makosa kufutwa kila usafirishaji unapofanikiwa, na ni vigumu kuona kwa nini kanuni haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kuhama kutoka Windows 98 kwenda XP kuliacha alama nyingine iliyodumu zaidi. Wengi waliibadilisha diski yao kutoka mpangilio wa FAT32 kwenda NTFS papo hapo, bila kuitengeneza upya, na kwa kuwa mpangilio wa zamani haukuanza data yake penye mpaka uliofaa, ubadilishaji mara nyingi ulizaa vipande vya baiti 512 badala ya 4,096. Faili moja ikawa na vipande mara nane zaidi ya inavyostahili, na kila kimoja kikahitaji kuandikwa katika daftari la mfumo wa faili.

Suala la mipaka lilikuja kuwa zito mno mwaka 2010, wakati diski zenye sekta za baiti 4,096 zilipoanza kuenea. Ili zisikataliwe na mifumo iliyopo, diski hizo zilijitambulisha kana kwamba bado zina sekta za baiti 512, zikifunga nane ndani ya moja halisi. Windows XP na zilizoitangulia zilianzisha patisheni ya kwanza, yaani sehemu ya diski inayotengwa na kuhesabiwa kama diski kamili, kwenye sekta ya 63, urithi wa ile hesabu ya kale ya sekta 63 kwa kila njia. Namba 63 haigawanyiki kwa 8. Kwa hiyo kila kipande cha baiti 4,096 kilichoandikwa na mfumo kiliangukia juu ya sekta mbili halisi, sehemu hapa na sehemu pale, na diski ikalazimika kuzisoma sekta zote mbili, kuzirekebisha ndani ya kumbukumbu yake, kungoja sahani izunguke tena, ndipo iandike. Katika diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, kungoja huko ni milisekunde 11 kwa kila uandishi mdogo. Windows Vista ilibadilisha desturi hiyo na kuanzia patisheni kwenye sekta ya 2,048, lakini patisheni iliyokwisha kukatwa na XP haikusogezwa na upandishaji wa toleo. Aliyenakili mfumo wake mzima kutoka diski ya zamani kwenda diski mpya kubwa alihamisha kosa pamoja na data, na hakuna sasisho lolote la programu lililoweza kumponya mpaka patisheni yenyewe isogezwe.

Vista inakumbukwa pia kwa kisa kinachofundisha kwamba hisia ya wepesi na wepesi wenyewe ni mambo mawili. Baada ya kutolewa kwa umma tarehe 30 Januari 2007, lalamiko kubwa lilikuwa kwamba kunakili faili kumekuwa kwa polepole. Mark Russinovich, ambaye pamoja na Bryce Cogswell alikuwa ameunda vyombo vya kufuatilia kila ombi la faili ndani ya Windows, alieleza mwezi Februari 2008 kilichotokea. Katika XP, data iliyonakiliwa iliwekwa kwanza katika akiba ya kumbukumbu, na dirisha la kunakili likafungwa likidai kazi imekwisha, ilhali sehemu ya data ilikuwa bado haijafika kwenye diski. Vista iliiruka akiba hiyo na kuandika moja kwa moja kwa vipande vikubwa, njia ambayo katika hali nyingi ilimaliza kazi mapema zaidi kwa saa halisi, lakini dirisha lake halikufungwa mpaka data imefika. Mtumiaji aliyepima kwa macho aliona mfumo mpya ni mzito. Toleo la marekebisho la mwaka 2008 lilirudisha matumizi ya akiba kwa sehemu kubwa.

Jambo hilo la ukweli wa uandishi lilipata uzito mkubwa zaidi katika Linux. Diski za kisasa zina kumbukumbu yao ndogo ya ndani, na zikipokea data humo hujibu kwamba zimeandika, ingawa umeme ukikatika wakati huo data hupotea. Kizuizi cha uandishi ni agizo la mfumo kwa diski kwamba ihakikishe yaliyotangulia yamefika kwenye sahani kabla ya kuendelea. Mfumo wa faili wa ext3 uliacha vizuizi vikiwa vimezimwa. Mrithi wake ext4, uliotangazwa kuwa tayari kwa matumizi katika toleo la Linux 2.6.28 la mwezi Desemba 2008, uliviwasha. Fedora 11 na Ubuntu 9.10, mifumo iliyojengwa juu ya Linux, zilipoufanya ext4 kuwa chaguo la kawaida mwaka 2009, hifadhidata zilizokuwa zikithibitisha maelfu ya miamala kwa sekunde zikashuka hadi mamia au chini yake, na wengi wakadai kwamba toleo jipya limeharibika.

Hesabu rahisi ingewaonyesha vinginevyo. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na muamala mmoja unaosubiri kwa kweli kuandikwa kwenye sahani kabla ya unaofuata kuanza hauwezi, kwa kawaida, kuzidi mmoja kwa kila mzunguko. Diski ya aina hiyo ikidai kukamilisha miamala 2,000 kwa sekunde, mmoja baada ya mwingine, basi mahali fulani kuna kiungo kinachosema uongo. Kasi iliyopotea katika upandishaji huo ilikuwa kasi ya kukopa, na rehani yake ilikuwa data ya mtumiaji mwenyewe. Waliovizima vizuizi ili kuirudisha kasi ya zamani, bila kuwa na kontrola yenye betri ya kulinda kumbukumbu yake, walirudia mkopo ule ule, na mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara hatari hiyo si ya nadharia.

Diski zisizo na sahani zilizoenea baadaye hazikulimaliza tatizo, ziliihamisha tu mipaka yake. Diski ya aina hiyo haiwezi kuandika juu ya eneo lililotumika mpaka ilifute kwanza, na isipojulishwa ni maeneo gani ya faili zilizofutwa yako huru, huyabeba kama mali hai na kuchoka kadiri inavyojaa. Windows 7 ya mwezi Oktoba 2009 na Linux 2.6.33 ya mwezi Februari 2010 ndizo zilizoanza kuijulisha kupitia agizo la TRIM. Mabadiliko yaliyofanywa kwa manufaa ya diski hizo mpya yakawaumiza walio na diski za zamani. Mfumo wa faili wa APFS wa Apple, ambao huandika kila badiliko mahali papya badala ya juu ya nakala ya awali, ulifaa vifaa visivyo na mkono wa kusafiri. MacOS Mojave ya mwezi Septemba 2018 ilipouhamishia pia kwenye diski za sahani, maelezo ya faili yalitawanyika na safari za mkono zikaongezeka, mithili ya ile Unix ya kabla ya mwaka 1983.

Windows 10, iliyotolewa tarehe 29 Julai 2015, nayo ilileta kisa kilichowasumbua wengi: kidhibiti kazi kilionyesha diski ikitumika kwa asilimia 100 huku data inayopita ikiwa karibu na sifuri. Kwa baadhi ya mashine chanzo kilikuwa kontrola ambazo programu yake ya ndani haikutimiza sawasawa utaratibu mpya wa kutoa taarifa kwamba kazi imekamilika, hivyo maombi yakabaki yananing'inia hadi draiva ya Microsoft ilipoiwasha kontrola upya. Microsoft ilielekeza watumiaji hao kubadilisha thamani iitwayo MSISupported katika rejista kutoka 1 kuwa 0. Ni wazi kwamba waliobadilisha diski kwa sababu hiyo bila kuigusa kontrola walilipa bila kupata chochote. Hata hivyo haifai kulibebesha kosa hilo kila tukio la asilimia 100, kwa maana siku za kwanza baada ya kupandisha toleo mfumo wenyewe huwa na kazi nyingi, hasa kuandika upya faharasa ya faili zote, na uzito huo huisha wenyewe kazi hiyo ikikamilika.

Kilichobadilika kwa hakika katika miongo hii ni uwezo wa kuona. DTrace iliyokuja na Solaris 10 mwaka 2005, blktrace ya Jens Axboe katika Linux mwaka 2006, na Process Monitor ya Russinovich na Cogswell kwa Windows, zilimwezesha fundi kulifuata ombi moja la kusoma tangu linapotoka katika programu hadi linaporudi kutoka kwenye diski, na kusema kwa milisekunde lilikwama wapi. Kwa vyombo hivyo swali la kwanza halipaswi tena kuwa diski ina umri gani. Linapaswa kuwa ni programu gani inaomba, maombi ni makubwa au madogo, yamefuatana au yametawanyika, yanapita katika draiva ipi, na kila moja linachukua muda gani. Na baada ya hapo ndipo diski ikaguliwe yenyewe kwa kumbukumbu zake za makosa, kwani zipo pia zinazokufa kweli, na upandishaji wa toleo, kwa kuandika gigabaiti nyingi kwa mkupuo, huweza kuzifichua. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha matengenezo ya kompyuta vinaombwa viuweke upimaji huu mbele ya somo la kubadilisha diski, na vimzoeze mwanafunzi kuandika mwendo wa diski, mwanzo wa kila patisheni na jina la kila draiva kabla hajagusa toleo jipya.